Rejesho la Jumanne: nilivyojifunza kukaa na hofu

Mtoto wangu wa pili, akiwa na miaka saba, aliwahi kuniletea uji chini ya kitanda. Hakuuliza kitu. Aliinama, akasukuma kikombe taratibu kisimwagike, akarudi sebuleni kukaa na yule kaka wa marejesho ya mkopo aliyekuwa akinisubiri tangu saa mbili asubuhi. Mimi na miaka yangu 38 nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya sementi, viatu vya baba yao karibu na pua, nikisikiliza mtoto akiulizwa mama amekwenda wapi na akijibu hajui. Uji ulipoa. Sikuunywa mpaka yule kaka alipochoka kusubiri, saa tano kasoro.

Siku hizi wenzangu pale Mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza, huniuliza, mama Neema, mbona umetulia hivyo, umepata mtaji? Sijapata mtaji. Deni bado ninalo, kidogo. Ninaandika haya kwa ajili ya yule aliye chini ya kitanda leo, maana nilipoteza hela na miezi mingi kabla sijajua kwamba ninayemkimbia si kaka wa marejesho peke yake.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa. Nanunua wabichi Igombe, kando ya Ziwa Victoria, nawaanika kwenye vichanja, wakikauka nawaleta Mwaloni, Kirumba, ambako wanunuzi wanatoka hadi Kongo na Burundi. Kazi hii inakwenda na mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: mvuvi anawasha taa juu ya maji, dagaa wanaifuata, wanazungushiwa nyavu. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, mitumbwi inapumzika siku kadhaa, na sisi wa nchi kavu tunapumzika nayo tupende tusipende. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo. Nilichukua mkopo wa rejesho la kila wiki kwa biashara inayolala mbalamwezi ikitoka. Jumanne haijui giza wala mbalamwezi.

Mkopo wenyewe ni wa ile mikopo tunayoiita kausha damu. Nilipewa shilingi 800,000 mkononi, rejesho 120,000 kila Jumanne kwa wiki 10. Piga hesabu mwenyewe, mimi sikupiga. Dhamana niliweka kadi ya pikipiki ya baba Neema, niliyoitoa kabatini bila kumwambia, nikijua nitairudisha kabla hajaitafuta.

Novemba ile mvua ilinikuta na dagaa wa ndoo zaidi ya 60 kwenye vichanja. Ilinyesha siku tatu mfululizo. Dagaa akinyeshewa kabla hajakauka anabadilika rangi, halafu ananuka, halafu anakuwa chakula cha kuku na unashukuru hata huyo wa kuku akikubali kumnunua. Niliweka jumla ya 1,400,000, yaani mkopo, akiba yangu na hela za kikoba. Nilitoka na 310,000. Jumanne ikaja. Nikakopa kwingine kulipa kule.

Januari, nikiwa kwenye daladala kutoka Igombe, karibu na uwanja wa ndege, moyo wangu ulianza kupiga kama mtu anayegonga geti kwa ngumi. Vidole vikafa ganzi, midomo nayo. Nikamwambia konda shusha, nikashuka porini nikakaa juu ya jiwe, nikijua kabisa kwamba nakufa na watoto wangu wataambiwa mama alikutwa barabarani. Sikufa. Baada ya kama robo saa ikaisha, nikabaki nimelowa jasho na nimechoka kama niliyelima. Kesho yake ikarudi. Keshokutwa nikaanza kuiogopa kabla haijaja, na hapo ndipo ilipopata nyumba.

Nilizunguka. Zahanati ya kwanza wakasema malaria. Ya pili taifodi. Ya tatu wakapima moyo wakasema hauna tatizo, nikaondoka nimekasirika, maana nilitaka uwe na tatizo nipewe dawa. Mpaka Machi nilikuwa nimetumia 187,000 kwenye vipimo na vidonge. Mganga mmoja mbali na mji alichukua 90,000 na kuku mweusi, akaniambia kuna mtu wa karibu ananifunga, na kwa maelezo yake nikamwona wifi yangu. Miezi miwili sikumsalimia wifi yangu, mtu asiye na kosa lolote. Hela za mganga nimezisahau. Sura ya wifi yangu aliponikuta sokoni nikageuza uso sijaisahau, na ingawa tumeshapatana, bado anakaa kwangu kama mgeni.

Wanajumuiya walikuja kuniombea. Sala zilinipa usingizi usiku ule, sitasema uongo. Asubuhi yake ilikuwa Jumanne.

Aliyenifungua ni muuguzi wa zamu ya usiku, hospitali moja hapa jijini, baba Neema aliponipeleka kwa mara ya nne. Alinipima presha, akaangalia cheti changu chenye kurasa zilizojaa, akavuta kiti. "Mama, nyumbani kuna nini?" Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nililia mpaka akafunga mlango. Akaniandikia niende kuonana na mshauri, chumba cha mwisho kwenye korido, jirani na kliniki ya afya ya akili. Siku ya kwanza nilikaa nje dakika 40 nimejifunika kanga usoni, nikiogopa asipite mtu wa Mwaloni akaenda kusema mama Neema amekuwa chizi. Kama na wewe unaogopa hilo, jifunike kanga uende hivyohivyo. Niliongea naye mara tano kwa 10,000 kila mara. Jumla 50,000, hata bei ya mganga haifiki.

Yule mama mshauri alinisikiliza, kisha akaniambia: kwa dakika moja fikiria chochote unachotaka, ila usifikirie dagaa. Sikumaliza sekunde tano. Nilimwona dagaa, nikasikia harufu yake, nikakumbuka zile ndoo 60 za Novemba. Akacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza baada ya miezi. Baadaye nilisoma kwenye simu kwamba mchezo huo una wenyewe: mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na dubu akazidi kuwarudia. Dubu simjui, lakini hoja niliielewa. Miezi yote ile nilikuwa nikiiambia hofu ondoka, na kila nikiiambia ondoka nilikuwa nimeiita jina.

Halafu akaniuliza, "Mkienda msibani mnafanya nini?"

"Tunakaa."

"Mnamwambia mfiwa aache kulia?"

Nikamwambia wapo wanaosema jikaze.

"Na wewe ukifiwa, unapenda hao ndio wakae karibu yako?"

Nilinyamaza. Nilikumbuka msiba wa baba yangu, Misungwi. Simkumbuki hata mmoja aliyetoa hotuba. Namkumbuka shangazi aliyekaa mkekani pembeni yangu siku mbili, akinishika mguu, akisema tu "pole mayu, pole", yaani pole mama. Mshauri akasema ikija hofu, kaa nayo kama shangazi yako alivyokaa na wewe. Hufukuzi, hubishani, huulizi itaondoka lini. Unakaa mkekani. Yeye aliliita jambo hilo kwa jina la kitaalamu, uzingativu. Mimi naita kukaa nayo.

Namna yenyewe ni ndogo mpaka unaweza kuidharau. Weka nyayo zote mbili chini, usikie sakafu au mchanga. Itafute hofu mwilini: iko wapi leo, kooni, kifuani, tumboni? Kwangu huanzia chini ya mbavu. Itaje kwa jina lake, "hii ni hofu", au "hii ni aibu", maana mara nyingi nilidhani ni hofu kumbe ni aibu. Vuta pumzi ya kawaida, itoe polepole kuliko ulivyoivuta, kwa sababu pumzi ya kutoka ikiwa ndefu moyo nao hupunguza mwendo. Mawazo yakikuchukua, na yatakuchukua, rudi kwenye nyayo bila kujigombeza. Basi. Mshauri alinieleza pia kwamba ile ganzi ya vidole haikuwa kifo: ukihema haraka kupita kiasi hewaukaa hupungua kwenye damu, vidole na midomo vikawasha na kufa ganzi. Na kwamba shambulio la hofu mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika 10 kisha huteremka lenyewe. Kujua hivyo tu kulinipunguzia nusu ya mzigo.

Mzee mmoja wa jumuiya alisikia nakaa kimya asubuhi nikihesabu pumzi, akaniuliza kama nimeingia dini nyingine. Ni swali la haki, sikumkasirikia. Mazoezi haya yana mizizi kwenye tafakuri ya Kibudha, na mwaka 1979 Mmarekani mmoja, Jon Kabat-Zinn, alianza kuyafundisha hospitali kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, kozi ambayo siku hizi ni ya wiki 8, bila kuwataka wabadili imani. Nilimwambia mzee kwamba mimi rozari yangu bado naisali, ila sasa naisali polepole, nikiigusa kila punje, badala ya kuikimbiza kama daladala ya mwisho. Akasema hiyo haina ubaya. Tukaachana hapo.

Usidhani nilitoka chumba kile nikiwa nimepona. Nilikosea karibu kila kitu.

Kwanza nilikuwa nafumba macho kwa sababu nilidhani ndivyo inavyotakiwa. Nikifumba naona maji yakitiririka juu ya vichanja. Wiki nzima nilijitesa mpaka mshauri aliponiambia macho yangu ni yangu, niyafumbue, niangalie kitu kimoja. Nikachagua jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba yetu. Sisi wa Kirumba upande wa mlimani mawe hatuyatafuti. Asubuhi mjusi huja kuota jua pale. Namwangalia mjusi.

Kosa la pili lilinichelewesha zaidi. Nilikuwa napumua ili hofu iondoke. Nikimaliza nachungulia: imeondoka? Bado. Napumua tena kwa hasira. Ni sawa na kukaa msibani huku unaangalia saa, mfiwa anaona. Siku ilipobadilika sikuwa hata najaribu. Nilikuwa Igombe nachambua dagaa, natoa samaki wadogo wa furu, nyasi na vipande vya konokono, kazi ambayo mkono unaijua kiasi kwamba kichwa huzurura kinakotaka. Hofu ikapanda. Nilikuwa nimechoka mno kupigana nayo, nikaiacha. Nikaendelea: dagaa huyu, furu huyu, dagaa huyu, mchanga kwenye kucha, jua mgongoni, hofu mbavuni, dagaa huyu. Ilikaa kama dakika sita hivi. Kisha ikateremka, na sinia lilikuwa limechambuliwa. Sisi wa ziwani tunawajua wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi mweusi. Wakikukuta njiani hushiki fimbo. Unafumba mdomo, unavuta kanga usoni, unaendelea kutembea mpaka wapite. Nilipomweleza mshauri hivyo alisema nimemzidi kuelewa. Najua alikuwa ananitia moyo, lakini nilifurahi siku nzima.

Tangu hapo kuchambua dagaa ndiko kukaa kwangu. Wewe tafuta ya kwako: kuosha vyombo, kupanda mlima na ndoo, kufua. Anza na dakika tatu. Mimi nilianza na nusu saa kwa kiherehere, nikaacha siku ya nne.

Kosa la tatu, nilimwambia kila mtu. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la kikoba kwamba nina tatizo la wasiwasi na natafuta utulivu. Mmoja akajibu kwa kutuma mstari wa Biblia, mwingine akauliza hela za kikoba nitalipa lini. Chagua mtu mmoja, wawili wakizidi.

Na la nne. Neno "kukubali" lilinipotosha. Nilikaa wiki mbili nikijiambia nimekubali, nimekubali, huku simu nimeizima na marejesho yanalimbikizwa faini. Huko si kukubali. Huko ni chini ya kitanda kwingine, tofauti yake ni kwamba unapumua vizuri. Mshauri alikuwa mkali siku hiyo: hofu ndiyo unayoikubali, si faini. Ukishakaa na hofu, inuka ukafanye kile ambacho hofu ilikuwa inakuzuia.

Nilichokuwa nazuiwa ni kumwambia baba Neema.

Nilimwambia Jumapili jioni, watoto wakiwa kwa jirani. "Baba Neema, kuna kitu nimekuficha. Kadi ya pikipiki haipo kabatini." Alikaa kimya. Akauliza ni kiasi gani. Nikamwambia chote, 1,640,000 kwa pande zote mbili. Akatoka. Alirudi saa sita usiku akalala kwenye kochi, na wiki tatu mazungumzo yetu yalikuwa "chakula tayari" na "haya". Nilitaka anisamehe palepale ili mimi nipumzike, nikampikia kila anachopenda, nikawa namzungukazunguka. Ilinichukua muda kuona kwamba ninachofanya ni kumwambia jikaze. Nikaacha. Hasira ilikuwa yake na ilikuwa ya haki, na mimi kazi yangu ilikuwa kuwepo nyumbani bila kukimbia. Mwishowe alikuja jikoni akauliza, "Sasa tunafanyaje?" Tuliuza jokofu, kisha tukauza na kochi lenyewe, ikabidi arudi chumbani.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda ofisi ya wale wa kwanza kwa miguu yangu, siku moja kabla ya Jumanne, na daftari lenye hesabu zote. Kwenye ngazi mikono ilikuwa inatetemeka. Zamani ningesubiri itulie ndipo niingie, na kwa kuwa haitulii ningerudi nyumbani. Niliingia inatetemeka. Yule kaka wa marejesho, yule wa uji, ndiye aliyenipa kiti. Walishusha rejesho hadi 50,000 kwa wiki na wakagoma kufuta faini. Nilisaini. Yule mkopeshaji wa pili aligundulika hana leseni yoyote ya kuonyesha, na alipoulizwa akawa mpole ghafla, akakubali mtaji wake tu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu ina tawi hapahapa Mwanza. Waulize kabla hujasaini; mimi nilijua baadaye.

Jambo moja nisilifiche. Kulikuwa na usiku mmoja ambao nilifikiria kuwa watoto wangekuwa afadhali bila mimi. Wazo la namna hiyo usikae nalo peke yako na pumzi zako. Mwamshe mtu, nenda hospitali usiku huohuo. Mimi nilimwamsha baba Neema nikamdanganya kwamba ni tumbo, lakini angalau nilimwamsha, na ndiyo safari iliyonifikisha kwa muuguzi yule.

Hofu bado inakuja. Mwezi uliopita ilikuja mara mbili. Zamani ilichukua siku nzima, siku hizi inachukua muda wa chungu cha maharage kuchemka, na nyingine inapita nikiwa naongea na mteja asijue. Deni limebaki 340,000. Sasa giza likiwa na samaki wengi naweka pembeni rejesho la wiki mbili za mbalamwezi kabla sijanunua hata chumvi.

Alhamisi iliyopita, Igombe, wingu lilijikusanya upande wa Ukerewe saa nane mchana na vichanja vyote vimejaa. Upepo ukageuka, ukaanza kunuka mvua. Chini ya mbavu pakakaza palepale. Nikasema, haya umekuja, kaa hapo, nikashika ncha ya turubai, mama mwenzangu akashika nyingine, tukakimbia. Mikono ilitetemeka mpaka kamba ikanitoka mara mbili. Tuliwahi kufunika vichanja vyote isipokuwa viwili, na usiku ule tulikula dagaa wabichi wa kukaanga mpaka watoto wakalalamika.